Asubuhi ya kuangalia ndege kwenye maji ya Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila tukitangaza kwamba Jumamosi tunakwenda kuangalia ndege, maswali yanarudi yale yale. Tumeyaweka hapa pamoja na majibu. Anayekuja mara ya kwanza asome sehemu mbili za mwanzo. Wenye kamera wanaweza kuruka moja kwa moja hadi sehemu ya picha.

## Kabla ya kutoka nyumbani

Tunakwenda kufanya nini hasa?

Kukaa pembeni ya maji tangu kunapopambazuka mpaka jua linapoanza kuchoma, kutazama ndege, na mwenye kamera kupiga picha. Basi. Hatuwindi, hatukamati, hatuwatupii chakula, na hakuna mashindano ya nani kaona wengi. Anayetaka kuandika orodha aandike, lakini asitusomee kila dakika.

Lubumbashi ni mji wa migodi. Kweli kuna ndege?

Wapo, tena wengi kuliko watu wanavyodhani. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, umezungukwa na msitu wa miombo, na katikati ya msitu huo kuna mabonde ya majani yanayojaa maji wakati wa masika, yale tunayoita dembo. Mto Lubumbashi unaingia Kafubu, na Kafubu inashuka hadi Luapula. Penye maji yasiyokwenda mbio, matete na samaki wadogo, ndege hawakosi.

Habari ya migodi nayo ni kweli. Kuna sehemu za Kafubu ambazo uchafu wa viwanda na migodi umeziharibu, na ukikaa hapo utasikia mwenyewe kimya chake: wapo yangeyange wawili watatu, mdiria hakuna. Ndege anayekula samaki hakai mahali ambapo samaki wamekwisha. Ndiyo maana tunachagua mahali, hatuendi popote penye maji.

Kwa mara ya kwanza niende wapi?

Kama huna usafiri, anza na Lac Tshombe, ndani ya mji. Pana kelele, lakini ndege wa pale wamezoea watu, na kwa mtu anayejifunza hiyo ni faida kubwa. Ukiweza kutoka mjini, nenda Kipopo, kwenye mabwawa ya samaki yaliyochimbwa enzi za Wabelgiji kwa ajili ya utafiti wa tilapia. Bwawa la samaki linamvuta kila ndege anayevua, na kingo zake zinakuwezesha kutembea bila kuzama. Omba ruhusa kwanza (tazama sehemu ya usalama na ruhusa).

Ziwa Tshangalele, upande wa Likasi, ni jambo lingine kabisa. Huko ulale, usiende na kurudi siku moja. Tunalizungumzia mwishoni.

Tunaondoka saa ngapi?

Mapema kuliko unavyopenda. Mwezi wa kumi na moja jua linachomoza 5h30 na kitu. Mwezi wa saba ni karibu na 6h30. Sisi tunataka tuwe tumekwisha kukaa nusu saa kabla ya jua, kwa sababu ndege wanaolala kwa makundi kwenye matete wanaondoka mara tu mwanga unapokuwa wa kutosha. Ukifika saa mbili baadaye utaona ndege pia, ila watakuwa wametawanyika na mwanga utakuwa umeshakuwa mkali.

Kama unakuja na wewa (dereva wa pikipiki ya abiria), patana naye bei jana yake, pamoja na bei ya kurudi. Alfajiri huna nguvu ya kubishana, na yeye anajua.

Mwezi gani ni mzuri?

Inategemea unataka nini. Kuanzia mwezi wa tisa na wa kumi wanaingia wageni kutoka Ulaya na Asia: mbayuwayu, keremkerem wa Ulaya, vitwitwi wa aina kadhaa wanaotembea kwenye matope, na mara nyingine korongo weupe. Wanaanza kuondoka mwezi wa tatu na wa nne. Kwa hiyo masika ndiyo yenye aina nyingi zaidi, na ndiyo wakati ambapo wenyeji wanavaa rangi zao za kuoa.

Kiangazi kina uzuri wake. Maji yanapungua, samaki wanabanwa kwenye vidimbwi, na korongo wanajipanga hapo kama watu mbele ya duka la unga. Ubaya ni moshi. Mwezi wa nane na wa tisa moto wa msituni unaifanya anga yote iwe ya kijivu, na picha za mbali hazitoki safi hata uwe na kamera gani.

Nivae nini, nibebe nini?

Nguo za rangi ya majani makavu au kijani kilichopauka. Nyeupe na nyekundu ziache nyumbani. Buti za mpira. Mikono mirefu kwa ajili ya mbu. Mwezi wa sita na wa saba leta koti zito, na usicheke: baridi ya alfajiri kando ya maji imewarudisha nyumbani wanaume wazima kabla ndege wa kwanza hajaamka. Chai kwenye termosi, mandazi, maji ya kunywa, mfuko wa plastiki wa kufunikia kamera mvua ikinyesha.

Sina jumeli (darubini ya macho mawili) wala kamera. Nije?

Njoo. Katika kikundi kuna jumeli za kuazimana. Ukitaka kununua yako, tafuta iliyoandikwa 8x42: namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Nane inatosha. Wanaume wengi wananunua 12 au 20 kwa sababu namba ni kubwa, halafu mikono inatetemeka na hawaoni kitu.

Naweza kuja na watoto?

Ndiyo, kuanzia umri ambao mtoto anaweza kukaa nusu saa bila kurusha jiwe majini.

## Tukiwa kwenye maji

Nimefika na sioni kitu. Nakosea wapi?

Unatembea. Hilo ndilo kosa la karibu kila mtu. Anazunguka bwawa akitafuta ndege, na kila anapofika, ndege wa mbele wameshamwona na kuondoka. Kaa chini. Chagua mahali penye matete upande mmoja na maji wazi upande wa pili, weka mgongo kwenye kichaka, na usisogee. Dakika kumi za mwanzo ni tupu. Kisha kuku maji mweusi mwenye miguu myekundu anatoa kichwa kwenye matete, anakirudisha, anatoka. Baada yake wengine nao wanatoka.

Mfano wa kinacholipa subira hiyo ni jakana, yule ndege wa kahawia mwenye kibandiko cha buluu kwenye paji la uso, anayetembea juu ya majani ya yungiyungi. Vidole vyake ni virefu mno, uzito unasambaa, jani linazama kidogo tu na kuinuka. Kwa jakana dume ndiye anayelalia mayai na kulea. Jike anakwenda kutafuta dume mwingine. Ukikaa kimya wakati wa vifaranga unaweza kumwona baba anachuchumaa, anafungua mabawa kidogo, watoto wanaingia chini yake, kisha anasimama na kuondoka nao. Kwa muda huo anaonekana ndege mwenye miguu minane, sita ikiwa myembamba inayoning'inia ubavuni. Mtu anayezunguka bwawa haoni hilo hata siku moja.

Nitamtambuaje ndege nisiyemjua?

Usianze na rangi. Anza na ukubwa (mdogo kuliko njiwa? mkubwa kuliko kuku?), kisha mdomo, kisha anachofanya. Mdomo mrefu ulionyooka kama mkuki: korongo au yangeyange, anachoma. Mdomo mrefu uliopinda chini: kwarara, anapapasa matope. Anasimama hewani mahali pamoja akipiga mabawa kwa kasi, kisha anaanguka majini: huyo ni mdiria wa rangi nyeusi na nyeupe, na hakuna mwingine wa kumchanganya naye. Dume lake lina mistari miwili mieusi kifuani. Jike ana mmoja, na mara nyingi umekatika katikati.

Wadogo wa kahawia waache kwa sasa. Hata wazoefu wanawaacha.

Kuna programu ya simu inayosaidia?

Ipo Merlin, ya maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Ni ya bure. Pakua pakiti ya eneo lako ukiwa na intaneti nyumbani, kwa sababu bwawani mtandao unakuja na kuondoka. Ukipenda kuhifadhi orodha zako kuna eBird, ya watu hao hao. Ila programu inakisia tu. Ikikuambia umemwona ndege ambaye hajawahi kuonekana Katanga, uwezekano mkubwa ni kwamba hujamwona.

Wale wadogo wekundu wa mwezi wa pili wamekwenda wapi? Mwezi wa saba sikuwaona.

Walikuwepo mbele yako. Madume ya jamii ya wanana wa matete, wale wekundu na weusi, na wengine wa manjano na weusi, wanavaa rangi hizo wakati wa masika tu, wanapotafuta majike. Mvua zikiisha manyoya yanabadilika, na dume anakuwa wa kahawia mwenye michirizi, sawasawa na jike. Soma tena sentensi ya mwisho kuhusu wadogo wa kahawia hapo juu.

Kwa nini mnandi anasimama na mabawa wazi?

Anayakausha. Manyoya yake yanaingiza maji, jambo linalomsaidia kuzama akifuata samaki, lakini akitoka ni mzito. Mbizi, yule mwenye shingo ya nyoka, anafanya hivyo pia. Kwa mpiga picha ni zawadi: ndege mkubwa aliyetulia dakika kadhaa.

Tuwaambie nini wavuvi tunaowakuta?

Salamu kwanza, tena kabla ya kufungua mfuko wa kamera. Mazungumzo karibu kila mara yanakwenda hivi:

— Jambo papa.
— Jambo sana. Munatafuta nini huku?
— Tunaangalia ndege, papa.
— Ya kula?
— Hapana, ya kuangalia tu.

Hapo anakutazama kidogo. Halafu, akikuona una adabu, anakuonyesha kwa kidevu mahali furukombe anapokaa kila asubuhi. Mvuvi yuko pale siku zote. Anajua nani analala wapi na nani kataga. Hakuna jumeli inayoshinda nusu saa na mzee wa namna hiyo. Usimpige picha bila kumwomba, na ukiahidi kumletea picha yake, mletee.

## Picha

Simu yangu inatosha?

Kwa mandhari, ukungu juu ya maji na marafiki wakinywa chai, inatosha sana. Kwa ndege, haitoshi peke yake, utapata doa. Kuna ujanja mmoja: weka lensi ya simu kwenye kioo cha nyuma cha jumeli, jumeli ikiwa imeegemezwa mahali. Kuipanga kunahitaji mazoezi, na ndege awe ametulia, lakini picha ya kutambulia inapatikana.

Kamera gani ninunue?

Kwa anayeanza, kamera yenye zumu ndefu isiyobadilishwa lensi ni rahisi kubeba na bei yake inavumilika. Mwenye kamera ya kubadilisha lensi atafute ya milimita 400 kwenda juu. Ukiwa na pesa kidogo, weka kwenye lensi, si kwenye kamera. Na kabla ya kununua ya mkono wa pili mjini, piga picha kumi za kitu cha mbali, uziangalie kwa ukubwa wake kamili. Ukungu wa ndani ya lensi hauonekani kwenye kioo kidogo cha nyuma.

Nipange kamera vipi?

Ndege aliyetulia, kasi ya 1/500 ya sekunde inatosha. Anayeruka anataka 1/2000 au zaidi. Mdiria anayeanguka majini anataka zaidi ya hapo na bahati juu yake. Tundu la lensi lifungue lote, ISO (namba ya wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iache ipande: alfajiri 1600 au 3200 si dhambi. Picha yenye chembechembe ina maana, iliyotikisika tupa. Lenga jicho. Jicho likiwa safi, mtu anasamehe mengine yote.

Yangeyange ni tatizo la pekee. Mbele ya matete meusi kamera inadanganyika, inaongeza mwanga, na ndege anakuwa kipande cha karatasi kisicho na unyoya hata mmoja. Punguza mwanga kwa theluthi mbili ya hatua, hata hatua nzima. Mnandi mweusi juu ya maji yanayong'aa anataka kinyume chake.

Mbona picha zangu zote zinaonyesha mgongo wa ndege?

Kwa sababu umesimama, naye anaondoka. Shuka mpaka kamera iwe sawa na macho yake. Kwenye ukingo wa bwawa hiyo ina maana ya kulala kifudifudi, kwa hiyo usivae nguo nzuri. Jua liwe nyuma yako. Halafu subiri aje yeye (jibu la "sioni kitu" linahusu kamera pia). Ukiwa ndani ya gari, kamfuko ka maharagwe dirishani kanashikilia lensi vizuri kuliko stendi ya miguu mitatu, na ndege haogopi gari kama anavyomwogopa mtu.

Baada ya saa tatu hivi za jua, joto linafanya hewa juu ya maji icheze. Hapo funga kamera, kunywa chai, tazama kwa macho.

Naweza kumchezea ndege sauti yake kwenye simu ili atoke?

Kwenye kikundi chetu, hapana. Dume akisikia sauti ya dume mwingine anaacha kula na kulinda, anakuja kupigana na simu. Wakati wa kutaga ni marufuku kabisa, pamoja na kusogeza matawi ili kiota kionekane. Kiota kilichofunguliwa kwa ajili ya picha yako, kunguru naye anakiona.

## Usalama na ruhusa

Nahitaji ruhusa?

Kwenye mabwawa yenye mwenyewe, ndiyo: mwone msimamizi. Kwenye dembo la kijiji, mwone shefu, mweleze mnafanya nini na mtaondoka saa ngapi. Ndani ya konsesioni ya mgodi usiingie, hata kama kile kidimbwi cha nyuma ya ukuta kimejaa bata. Maji yenyewe huenda si ya kukanyaga. Mbuga za taifa ziko chini ya ICCN, taasisi ya Kongo ya kuhifadhi mazingira ya asili, na huko kuna utaratibu wao.

Lensi ndefu inavuta macho ya wenye mamlaka. Usiielekeze kwenye daraja, kambi, uwanja wa ndege wala bwawa la umeme. Beba kitambulisho, na picha za ndege za wiki iliyopita ziwe tayari kwenye kamera. Zinaeleza kazi yako haraka kuliko maneno. Droni usiilete.

Kuna hatari gani?

Kichocho ni cha kweli: usiingie majini miguu mitupu, wala usioge. Malaria unaijua. Nyoka anakuondokea ukitembea kwa kishindo na kuangalia unapokanyaga. Mamba na kiboko ni habari ya maziwa makubwa ya Lufira na Upemba. Huko usikae ukingoni bila mwenyeji kukuonyesha mahali.

## Maswali ya pembeni

Fundichuma ni ndege wa uchawi?

Watu wengi wanamwogopa, na hatutabishana na bibi ya mtu. Tunachoweza kusema ni alichojenga: rundo la vijiti, matope na takataka kwenye panda ya matawi, wakati mwingine lenye upana wa zaidi ya mita moja na nusu, na chumba ndani chenye mlango wa chini. Kwa ndege wa ukubwa wake ni ajabu. Woga huo, angalau, umemwokoa na manati.

Mtu ananiuzia kasuku au korongo mwenye taji. Nimnunue ili nimwachie huru?

Usimnunue. Pesa yako inamtuma akamate mwingine wiki ijayo. Kasuku wa kijivu amewekwa kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2017, na hapa nchini kuna sheria ya uwindaji ya 1982 na ya uhifadhi wa mazingira ya 2014. Toa taarifa kwa ICCN.

Nitamwona korongo nyangumi, yule mwenye mdomo kama kiatu, Lubumbashi?

Hapana. Huyo anataka mafunjo mapana yasiyo na watu: bonde la Upemba, au ng'ambo ya mpaka, Bangweulu ya Zambia. Picha zinazosambazwa zikidai kapigwa Kafubu, ziache zipite.

Ni kweli Katanga ina mnana wake asiyepatikana kwingine?

Kweli, na hili ndilo swali tunalolipenda. Mwaka 1960 mtafiti Mbelgiji Ruwet alikamata mnana kwenye ziwa Tshangalele, lile lililotokana na bwawa la umeme la Mwadingusha kwenye mto Lufira. Ndege akakaa kwenye makumbusho zaidi ya miaka ishirini, mpaka 1982 Louette na Benson walipomtangaza kuwa aina mpya na kumpa jina la Ruwet: Ploceus ruweti. Kisha kimya kirefu tena, hadi alipopigwa picha ziwani mwaka 2009. Wavuvi wa huko, bila shaka, walikuwa wakimwona kila asubuhi muda wote huo.

Bonde la Lufira liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2017, lakini orodha haizuii nyavu wala mashoka. Ukienda, panga kulala usiku mmoja au miwili, tafuta mwenye mtumbwi anayefahamika kijijini, na mwambie asimame mbali na viota. Dume ana uso mweusi. Wanana wengine wenye uso mweusi wapo pia, kwa hiyo piga picha ya mbele, ya ubavu na ya kiota chenyewe.

Nimepiga picha ya ndege mwenye pete mguuni. Nifanye nini?

Usimkimbize wala usijaribu kumkamata. Piga picha nyingi za mguu kutoka pande tofauti, maana herufi na namba zinazunguka pete. Andika tarehe, mahali na rangi ya pete. Pete za chuma huwa na jina au anwani ya kituo kilichomvisha. Watumie hayo yote, nao kwa kawaida wanakujibu ndege alivishwa wapi na lini. Ukimkuta amekufa, usiichukue pete ikawa kipuli, kiandikie kituo kwanza.